Wali Usioungua

Kilichomponza Dobi ni wali. Si wali mbichi wala wali ulioungua. Huo angeweza kuueleza, maana alikuwa na uzoefu wa miaka wa kuueleza. Kilichomponza ni wali ulioiva sawasawa, punje zimeachana, umejaa kwenye sinia kama wali wa kuwapokea wakwe. Pembeni yake palikuwa na bakuli la maharage, mafuta yanaelea juu, na kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi. Mmoja wa wenzake aliokuwa akipanga nao nyumba, mlinzi wa ghala waliyembandika jina la Kimya kwa kuwa hakuwahi kunyamaza, aliupiga picha hata hawajanawa mikono, akaitupa kwenye kundi la simu la watu wa kwao. Chini yake akaandika: "Mnaodhani huku ughaibuni tunalala njaa, poleni."

Kimya hakuwa na nia mbaya. Wenye nia mbaya hufikiri kwanza.

Picha ile ilikuwa na shahidi wa pili. Nyuma ya sinia, kwenye msumari wa mlango wa jikoni, ilining'inia aproni ya maua mekundu yenye lesi ukingoni. Dobi aliinunua mwenyewe kwenye mitumba, kwanza kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwapo, pili kwa kuwa alichoka kwenda kazini na madoa ya mchuzi kifuani, yeye anayelipwa kuondoa madoa ya wengine. Lakini picha haisemi nani alinunua nini.

Dada Mkubwa, dada wa mke wa Dobi, alikuwa akizilinda ndoa za ukoo mzima bila mshahara. Alipoiona picha aliivuta kwa vidole viwili mpaka lesi ikaonekana uzi kwa uzi, kisha akamtumia mdogo wake. Akafuatisha maneno: "Mdogo wangu, mimi sisemi kitu. Ila chungu hiki kimepikwa na mwanamke."

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, ana meza yake barazani, na hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Angeiona picha ile akacheka, isipokuwa kwa jambo moja. Jioni ya siku ileile mumewe alikuwa amempigia, kama kila jioni, akamweleza kwa sauti ya unyonge kwamba wali umemshinda tena: chini umeungua, juu mbichi, katikati uji. Naye aliacha kushona, akavuta kigoda, akaanza kumfundisha upya. Osha mchele mpaka maji yatakate. Kaanga kitunguu bila haraka. Maji yapite mchele kwa pingili moja ya kidole. Punguza moto, funika, usifunuefunue. Wali si mtoto mchanga kwamba utakosa pumzi. Walicheka sana, na simu ile ilichukua muda mrefu.

Sasa wali ulioshindikana ulikuwa umejaa kwenye sinia, na aproni ya mtu iko nyuma ya mlango. Fundi cherehani aliitazama lesi ile kwa jicho la kazi yake, akaona imeshonwa kwa mkono, kazi safi. Hapo ndipo baridi ilipomwingia moyoni.

Kesho yake jioni Dobi alipiga simu wakati uleule, amekwisha kula na kuosha vyombo. Alikuwa amepika mchuzi wa samaki, na ulikuwa umemkubali. Mkewe alimuuliza amekula nini.

"Wapi kula," Dobi alisema. "Nimejaribu samaki, wamevunjikavunjika wote. Nimekunywa chai na mkate."

Kwa kawaida hapo mkewe angecheka na kumuuliza aliwageuza mara ngapi. Safari hii hakucheka. Dobi alisikia kwa mbali mtoto akidai penseli yake.

"Pole," mkewe alisema. "Na jana je?"

"Jana si nilikwambia. Wali uliungua."

"Uliungua."

"Ukawa mweusi kama lami."

"Basi pole, baba watoto," akasema, na akakata simu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Siku iliyofuata hakupokea. Wala iliyofuata hiyo. Hatimaye alipokea Dada Mkubwa, na alikuwa na mengi. Alimwambia shemeji yake kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwamba mdogo wake amekwisha kunja nguo zake na za watoto, na Mjomba amekubali kuwapokea kwake. Kitu kimoja tu kimeizuia safari: Mjomba, kwa kuwa ni mtu wa haki, amesema hamwondoi mpwa wake kwenye ndoa kabla hajamsikia mume. Jumapili kutakuwa na kikao, kwa simu ya video, sebuleni kwa Dobi mwenyewe.

"Na utapika, shemeji," Dada Mkubwa alimaliza. "Utapika wali mbele yetu, tuone maajabu yale yametoka kwenye mkono wa nani."

Ukweli ni kwamba mkono ulikuwa wake, na uliijua kazi hiyo zamani.

Mwanzoni hakujua. Aliondoka kwao akijua kuchemsha maji ya kunyolea ndevu tu. Alipofika ugenini alinunua pakiti ya unga mweupe, maandishi yake hayasomeki, akataka kupika uji. Uji ulichemka, ukakaza, ukang'aa, ukaushika mwiko na kukataa kuuachia. Alipouonja ndipo alipoutambua: ni wanga, ndugu wa ule wanaoutilia mashuka ya hoteli kule kazini ili yasimame. Akampigia mkewe kumwambia kwamba amepika mashuka. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Dobi alisimama jikoni na sufuria yake ya gundi, akakisikiliza kicheko kile, na njaa akaisahau.

Kabla ya hapo simu zao zilikuwa za mahitaji matupu. Karo. Bati limetoboka. Dawa ya kifua ya mtoto. Mkewe akimaliza kutaja alikuwa akiuliza, na wewe huko? Naye alikuwa akijibu, mimi sijambo. Mtu anaweza kuwa mume wa mtu kwa miaka akiwa na maneno hayo tu. Sufuria ndiyo iliyowapa la kusema. Kila jioni Dobi aliharibu kitu, kwa kweli kabisa, na kila jioni alifundishwa, akatukanwa kidogo, akachekwa, na katikati ya mafunzo akapata na mengine: jirani kahama, mtoto mdogo ameota jino, mteja kalikataa gauni kwa sababu yeye mwenyewe kanenepa. Habari zote za nyumbani zilimfikia kwa njia ya kitunguu.

Lakini mtu akifundishwa kila siku, hujua. Siku moja wali ulikaa. Dobi alimpigia mkewe na furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani. Mkewe akasema vizuri, nimefurahi. Na kwa kuwa hapakuwa na la kusahihisha, akasema ana gauni la mtu la kumaliza, akaaga. Dobi akaula ule wali mzuri peke yake, amesimama, na hajawahi kula kitu kilichokosa ladha kama kile. Kesho yake akapika mwingine, ukakaa vilevile. Akapiga simu akasema umeungua. Waliongea mpaka chaji ikaisha.

Ndivyo ilivyoanza. Hakuona kama ni uongo wa kumdhuru mtu. Wanaume wengine huwadanganya wake zao kuhusu mshahara. Yeye alidanganya kuhusu ukoko. Na kila alivyozidi kujua kupika, ndivyo alivyozidi kuwa stadi wa kueleza namna alivyoharibu, kwa sababu ni mjuzi tu anayejua chakula huharibika wapi.

Kazini, wiki ile, alikuwa mtu wa kupishana na mikono yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa mbele ya rola la kupigia pasi mashuka, mashine ndefu kama chumba. Shuka linaingia na unyevu upande huu, linatokea upande wa pili kavu na la moto. Dobi alishika ncha moja. Ncha ya pili ilishikwa na mama mmoja kutoka nchi nyingine kabisa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda wote ule bila kuwa na lugha ya pamoja. Waliongea kwa nyusi. Sasa ncha ya Dobi ikawa inachelewa. Shuka liliingia upogo, likatoka na mikunjo.

Msimamizi alilichukua shuka lile, akalitandaza mbele ya wafanyakazi wote, akamwonyesha mkunjo kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, huku akimwita kwa namba iliyoandikwa kwenye sare yake. Dobi alitikisa kichwa kukubali kila mkunjo. Wengine waliangalia viatu vyao, isipokuwa yule mama. Yeye alimtazama Dobi usoni, akalaza shavu kwenye kiganja na kuinua nyusi, yaani, hulali? Dobi akakubali kwamba halali. Mama yule akachora umbo la mwanamke hewani, nyusi juu. Dobi akakubali tena. Mama akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na lawama, kama wanawake wanavyowatazama wanaume waliofumaniwa, na Dobi hakuwa na namna ya kumweleza kwa nyusi kwamba kosa lake ni kujua kupika.

Nyumbani nako palikaliwa kikao, cha watu watatu. Kimya alikuwa amejuta mpaka sauti imempungua. Alikuwa ameifuta ile picha kwenye kundi, na kwa kufanya hivyo akazidi kuharibu, maana Dada Mkubwa aliandika papo hapo kwamba mwenye mikono safi hafuti kitu. Mpangaji wa tatu alikuwa mchomeleaji wa mageti, aliyeachwa na wake wawili, na kwa hiyo alijihesabu mtaalamu wa ndoa.

"Hili dogo," Mchomeleaji alisema. "Unguza. Wape moshi mpaka wakohoe hukohuko. Halafu useme kile cha kwenye picha mlikinunua."

"Kwenye sufuria yetu?" Kimya alisema. "Akiunguza watasema yule mwanamke leo hayupo. Apike vizuri, yaishe."

"Akipika vizuri amejitangaza mwongo."

"Bora mwongo kuliko mzinzi."

"Bora kwa nani? Mimi uzinzi nilisamehewa. Kilichomwondoa mke wangu wa kwanza ni uongo mdogo nilioukalia miaka. Alisema, kama hiki ulikiweza, na kingine kipo."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Mchomeleaji zilikuwa zimekwisha pungua mbele. Hata hivyo Dobi aliona mtu huyu amesema kweli. Shida yake ilikuwa ndiyo hiyo. Akiharibu wali, yuko mwanamke. Akiupatia, basi miaka yote hiyo alikuwa akimchezea mkewe shere. Kimya alijitolea kuwa shahidi wake. Lakini Dada Mkubwa alikuwa amekwisha sema kwamba ndege wafananao huruka pamoja, na ushahidi wa Kimya ukafia hapo.

Jumapili Dobi aliegemeza simu kwenye kopo la chumvi, akawaona. Walikuwa wamekaa sebuleni kwake. Pazia hakulijua. Mjomba alikaa kwenye kiti ambacho zamani kilikuwa cha Dobi, Dada Mkubwa pembeni yake amekunja mikono. Mkewe alikuwa nyuma, ukingoni kabisa mwa kioo, nusu ya uso imekatwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huko hamjambo?"

"Hatujambo."

"Baridi je?"

"Ipo."

Mjomba alisema hakuna aliyekuja kumhukumu mtu, wamekuja kukata mzizi wa fitina. Dada Mkubwa akasema mzizi wenyewe una lesi, akataka aoneshwe. Dobi akaishusha aproni kwenye msumari, akaivaa, akafunga kamba nyuma. Ilimkaa. Mtoto mmoja, asiyeonekana, alicheka, akanyamazishwa.

"Geuka," Dada Mkubwa alisema.

Mtu mzima, baba wa watoto, akajizungusha taratibu katikati ya jiko ndani ya maua mekundu, wakwe zake wakimkagua. Kimya, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeukia ukuta kwa heshima, na kwa mara ya kwanza hakusema neno.

"Ni yake," Mjomba aliamua. "Imechakaa tumboni, na tumbo ni lake. Haya, mwanangu. Pika."

Dobi alikuwa amelala na kuamka na shauri la Mchomeleaji. Usiku kucha aliona kwamba afadhali hilo. Akiunguza, atabishana, ataapa, huenda wakamwamini, na jioni zake zitabaki. Alimimina mafuta, akawasha moto mpaka mwisho, akatia kitunguu. Kilianza kulia kwa nguvu na moshi mwembamba ukainuka. Dada Mkubwa akainamia simu kama mtu aliyenusa ushindi.

Ndipo Dobi alipomwona mkewe. Alikuwa amesogea, uso wote sasa unaonekana juu ya bega la Mjomba, na hakuwa akimtazama mumewe usoni. Alikuwa akiitazama mikono. Macho yalikuwa mekundu. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo, na Dobi alijua neno lililokuwa pale mlangoni mwa midomo, maana amelisikia jioni nyingi: punguza moto. Pamoja na hasira yote na aibu yote, na nguo zimekwisha kunjwa, bado mwanamke huyu alikuwa hataki chakula chake kiungue.

Dobi akapunguza moto.

Baada ya hapo hakumtazama mtu. Kitunguu kilipiga wekundu kwa wakati wake. Alikwisha osha mchele, akautia, akaugeuza mpaka punje zikalegea, akapima maji kwa pingili, akagonga mwiko mara mbili ukingoni mwa sufuria. Akakunja kitambaa safi, akakilaza chini ya mfuniko kunyonya mvuke. Kisha wakasubiri. Lilikuwa jambo la ajabu, watu wa ukoo mmoja kutazama mfuniko. Mjomba aliuliza habari za kazi, Dobi akasema inakwenda. Hakuufunua.

Alipoupakua, punje ziliachana. Mjomba aliisogelea simu kana kwamba harufu itamfikia.

"Huyu ni mpishi," alisema. "Kesi imekwisha."

Dada Mkubwa hakuwa mtu wa kushindwa na sufuria moja. "Mwanamume hazaliwi akijua hivyo. Yupo aliyemfundisha. Mimi nauliza, nani?"

"Mimi," mkewe akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. "Kugonga mwiko mara mbili ni kwangu. Kitambaa kwenye mfuniko ni changu. Nimemfundisha kila jioni, dada, kwa simu, miaka yote. Kumbe alikwisha hitimu."

Sebule nzima ilicheka. Mjomba alicheka mpaka akajifuta macho, akasema nguo zirudi kabatini leo hii. Hata Dada Mkubwa alicheka, mwishoni, ingawa alisisitiza kwamba lesi ile bado ina walakini. Dobi naye alicheka pamoja nao, kwa ahueni, mpaka alipoona kwamba mkewe hacheki.

Wageni walipoondoka mkewe aliichukua simu na kwenda nayo jikoni. Dobi aliona dari ikipita, fremu ya mlango, kisha jiko la kwao, safi mno, halina kitu juu yake.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Zamani."

"Zamani ya lini?"

"Mdogo alikuwa hajaanza shule."

Mkewe alihesabu kimoyomoyo. "Ana meno ya ukubwa sasa," akasema. "Kwa nini?"

"Siku nilipokwambia wali umekaa, ulisema vizuri, ukakata simu. Nikaona nikijua, hutakuwa na la kuniambia."

"Nilikuwa na gauni la mtu."

"Najua."

"Si ungesema. Ungesema, mama watoto, usikate, kaa kidogo. Ningekaa."

Miaka yote hiyo Dobi hakuwahi kufikiri kwamba jambo lile linaweza kusemwa hivyo tu, kwa maneno machache, na mtu akabaki mwanamume.

"Unajua sisi hapa tunakula nini?" mkewe aliuliza. Sauti haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lililomtisha. "Viazi vya kuchemsha. Mkate na chai. Si kwamba mchele hakuna, mchele upo kwenye debe, hela unaleta. Ila kila nilipoupika ulinikwama hapa. Nitakulaje wali mzuri, na wewe umetoka kazini unakwangua ukoko peke yako? Nikaacha. Watoto wananiuliza, mama, wali? Nawaambia tumngoje baba. Baba yenu akijua kupika, na sisi tutapika."

"Mama watoto..."

"Na wewe ulikuwa unakula."

Sahani ilikuwa mbele yake bado inafuka mvuke. Dobi alitamani kuificha na hapakuwa na pa kuificha. Alisema nisamehe, na akasikia mwenyewe jinsi neno lilivyo dogo. Mkewe akasema kwa mazoea tu, kama mtu anayemwambia mtoto avae viatu:

"Kula, usiache kipoe." Akakata.

Dobi alivua aproni. Alikuwa amekwisha kuaibishwa mbele ya watu wiki nzima, kazini na nyumbani, na yote yale yalikuwa mchezo ukilinganisha na hii aibu ya sasa ambayo hakuna aliyeishuhudia. Alikaa kitandani akalia bila sauti, kwa kuwa kuta za nyumba ile ni mbao nyembamba. Ule wali waliula Kimya na Mchomeleaji, kwa sauti za chini, maana mtu alipaswa kuula.

Kesho yake alipiga simu wakati uleule. Njia nzima ya kutoka kazini alikuwa amepanga maneno, na mkewe alipopokea yote yakamtoka. Hakuwa na samaki aliyevunjika, hakuwa na chungu cha kusingizia.

"Usikate," alisema. "Kaa kidogo."

"Niko jikoni," mkewe akasema. "Sikati." Na akaiweka simu mezani.

Dobi akasikiliza. Alisikia mchele ukimwagwa kwenye sinia, na vidole vikiuchambua, kokoto moja ikatupwa, na nyingine. Alisikia maji. Alisikia kitunguu kikiingia kwenye mafuta, na kwa masikio ya mpishi akajua moto umezidi kidogo, akauma ulimi. Mfuniko ukashuka. Katikati ya kungoja mkewe alisema kitu kimoja, kwamba mvua haijanyesha, na Dobi akasema hata huku.

Kisha watoto waliitwa. Viti vilivutwa, sahani ziligongana, na kukawa na ukimya mfupi wa watoto wanaoangalia chakula.

"Mama," yule mdogo alisema, "kwani baba amejua?"

Dobi aliisogeza simu sikioni.

"Amejua," mkewe alisema.

Vijiko vilianza. Kwanza vilikwenda haraka, bila maneno, kisha mmoja akaomba ukoko, mwingine akasema ukoko ni wake, wakagombana, wakagawana. Wakaanza kusimulia ya shule, wote kwa pamoja, habari za mwalimu na mbuzi aliyeingia darasani, na mama yao akacheka kicheko kilekile cha zamani cha kukaa chini. Dobi alitaka kucheka naye, kisha akakumbuka kwamba watoto hawajui yupo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, sare ya kazi bado mwilini, hajala kitu, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Hakukohoa. Sahani ziliongezwa. Sahani zikakusanywa, maji yakamiminwa kwenye beseni, na kitambaa kikapita juu ya meza kikija karibu.

"Mama," mtoto mkubwa alisema, sauti kubwa ghafla, palepale sikioni. "Simu haijakatwa."

"Najua," mkewe alisema. "Iache."